Fremu Iliyochomewa Miguu Juu

Ya Ulaya? Nani kakwambia ni ya Ulaya? Yule mwenzako aliyekuja juzi akawa anaikodolea macho hiyo fremu ya baiskeli hapo ukutani? Mwambie babu kasema hapana. Akibisha, mwambie aje mwenyewe. Mimi nipo, miguu tu ndiyo imegoma, mdomo bado una mafuta.

Sogeza hicho kigoda. Si hapo, unaniziba mwanga. Haya.

Hizo tundu mbili hapo mbele, chini ya usukani, ndizo zinazowapoteza watu. Hapo palikuwa na beji, na beji yenyewe ilikuwa ya Ulaya kweli, imegongelewa kwa ribiti. Lakini beji ni kofia tu, bibi wee. Mimi nikivaa kofia ya askari ndiyo nimekuwa askari? Zamani zile mtu wa mashindano ukimwambia fremu hii imeundwa hapa hapa mtaani, nyuma ya mashine ya kusaga unga, anaanza kuumwa mgongo hata hajaipanda. Ukimwambia imetoka ng'ambo, hiyo hiyo, anasema, "Ndiyo maana naiona nyepesi!" Basi ile karakana iliyoziunda ikawa inanunua beji za baiskeli zilizokufa, wanazing'oa, wanazigongelea kwenye fremu zao mpya. Wateja sijui walijua wakanyamaza, sijui hawakujua. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Mwenye karakana tulimwita Tajiri. Si kwamba alikuwa na hela nyingi sana, lakini alikuwa na kiti cha kuzunguka, na enzi hizo mwenye kiti cha kuzunguka ni tajiri. Mimi nilikuwa nampelekea mitungi ya gesi kwa mkokoteni. Siku ya kwanza naingia, nikakuta mtu kainamia moto, miwani myeusi, kitambaa kichwani, koti la ngozi mpaka magotini. Nikajua ni mzee wa kazi. Nikasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee." Yule mtu akainua miwani. Msichana! Uso umejaa masizi, meno meupe. Akaniambia, "Marahaba, mjukuu wangu. Weka mtungi pale, na usiuburuze."

Ndiye bibi yako huyo. Mpaka leo nikimuudhi ananiita mjukuu wangu.

Pale karakana walimwita Cheche. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabomba kwa shaba. Unapasha moto kiungio mpaka kiwe chekundu kama jicho la mlevi, halafu unakigusa kwa ufito wa shaba, shaba inayeyuka inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Ukizidisha moto umeunguza bomba. Ukipunguza, shaba inaganda juu juu kama uji, na siku mtu anashuka mlima fremu inaachana, wewe huku mbele, matako kule nyuma. Za Cheche hazikuachana hata siku moja.

Lakini sasa. Akiingia mteja, Tajiri anakohoa. Kile kikohozi kilikuwa ishara. Bibi yako anavuliwa miwani, anapewa ufagio, na Tajiri anavaa ile miwani, bado ina joto la uso wa mwenzie, anakwenda kumpokea mteja huku anajifuta jasho ambalo hakulitoa. Maana nani ataikabidhi shingo yake kwa fremu iliyounganishwa na mwanamke? Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Cha bibi yako kilivikwa ufagio.

Alivumilia? Nani, Cheche? Siku moja alifagia vumbi lote kwenye viatu vya mteja, polepole, mpaka mteja akahama. Tajiri akamfokea. Akamjibu, "Si umesema nifagie?" Lakini kazi aliipenda, na mahali pengine pa kuushika moto ule hapakuwepo. Basi.

Karakana ikafa, Tajiri naye akafa baadaye, Mungu amrehemu. Zile fremu nazo zikaisha. Baiskeli za mashindano siku hizi zinakuja zimefungwa kwenye maboksi. Za kwetu zilikatwa, zikawa mageti, zikawa vitanda, zikawa majiko. Bibi yako akipita mtaani alikuwa anaangalia mageti ya watu, nikadhani ni mbea, kumbe anatafuta mabomba yake. Aliwahi kuniambia, tumekaa tu hapa, "Mume wangu, mimi nimefanya kazi ujana wangu wote na hakuna kitu duniani ninachoweza kukinyooshea kidole nikasema kile nimekitengeneza mimi." Nikamwambia, "Si una mtoto?" Akasema, "Mtoto nimemzaa. Nazungumzia kutengeneza."

Ndipo mama yako akaja na hilo fremu.

Alilitoa kwa wauza vyuma chakavu. Unamjua mama yako, kile kibanda chake cha baiskeli kimejaa mpaka yeye mwenyewe anakaa nje. Fremu lilikuwa limepakwa rangi ya geti, ile ya kijani nzito, kwa burashi, manyoya ya burashi yamegandia humo humo. Chini ya kijani kuna nyekundu, chini ya nyekundu kuna ya maziwa. Lakini mama yako macho anayo. Alilinyanyua kwa kidole kimoja, akasema hili si la kubebea magunia, hili ni la mbio.

Sasa, nani kalitengeneza? Akaenda kwa Mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli. Huyo Mwenyekiti ni mtoto wa Tajiri, yule wa kiti cha kuzunguka. Alikuwa anaandaa maonyesho ya baiskeli za zamani kwenye ukumbi wao. Akatazama vile viungio, jinsi vilivyochongwa ncha kama majani, akalia machozi. Kweli kabisa, alilia, mama yako kaona. Akasema, "Huu ni mkono wa marehemu baba. Nimetafuta hata moja miaka yote. Nipe tuliweke katikati ya ukumbi."

Mama yako akarudi nalo nyumbani anacheka mwenyewe. "Mama! Ni la pale kwenu! Ni la Tajiri!"

Bibi yako alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ahaa. La Tajiri."

"Hutaki hata kuliangalia?"

"La Tajiri litanihusu nini mimi? Litundike, ulipigie saluti."

Mimi nikajua hapo kuna moto chini ya jivu. Nikamkonyeza mama yako anyamaze. Hakunyamaza. Kama mamaye. Akaweka fremu hapo uani, akapaka ile dawa ya kubandua rangi, harufu yake nilidhani tunakufa wote, akawa anakwangua. Kijani ikatoka, nyekundu ikatoka, ya maziwa ikatoka, chuma kikabaki uchi. Jina hakuna. Namba hakuna. Zile tundu mbili za ribiti tu, zinatukodolea kama pua.

Akasema labda kuna alama ndani. Akafungua kile kikombe cha chini, pale pedali zinapozungukia, akasafisha grisi ya zamani, akamulika kwa tochi. Halafu akaniita, "Baba, hebu njoo. Hii shaba imelewa?"

Nikainama, magoti yakalia. Unajua, shaba ikizidi inadondoka, na kitu kikidondoka kinakwenda chini. Fremu zote matone yanaangukia humo ndani ya kikombe, yanagandia sakafuni. Hili sakafu yake ilikuwa safi kama sahani. Matone yalikuwa yamekwenda juu! Yamepanda kwenye bomba la kiti, yamening'inia kuelekea mbinguni. Mama yako akasema, "Hapa kuna mtu alikosea." Mimi nikasema labda ni jini.

Sauti ikatoka nyuma yetu. "Hakukosea mtu."

Bibi yako kasimama, sahani ya maharage mkononi. Akanyakua tochi, akachungulia. Alichungulia muda mrefu mpaka nikamgusa bega. Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, maharage yakamwagika, kuku wa jirani wakala karamu. Akamnyooshea mama yako kidole.

"Ni wewe huyo."

"Mimi nani?"

"Wewe! Ulikuwa humu tumboni, umekaa kama gunia la viazi. Kuinama siwezi. Kikombe kiko chini kule, nikiinama unanipiga teke. Nikasema, sawa, kama mimi siendi chini, chini itakuja kwangu. Nikageuza fremu miguu juu, nikaibana kwa meno ya jiriwa, kikombe kikaja hapa kifuani. Nikachoma nimesimama wima kama askari. Shaba ikashuka kwenye bomba. Sasa baiskeli ikisimama sawasawa, inaonekana imepanda."

Mama yako akaingiza kidole kwenye bomba, akayapapasa yale matone.

"Nilichoma moja tu namna hiyo," bibi yako akasema. "Kesho yake Tajiri aliliona tumbo limezidi, akasema nikapumzike, wateja watasema nini. Nikapumzika mpaka nikakuzaa."

Halafu akasimama, akakung'uta nguo. Kicheko kikawa kimekwisha. Akasema, "Hili ni langu. Si la Tajiri. Hili ni langu, na watalisema."

Nikajua sasa tumekwisha. Nikatafuta viatu vyangu.

Mama yako akampigia Mwenyekiti, akamweleza. Mwenyekiti kwa upole wote akasema, "Hakuna shida, dada, mleteni na mama, lileteni na fremu, tutalimaliza mbele ya wanachama. Na shahidi nitamleta mimi." Shahidi gani? Tukaenda.

Ukumbi wenyewe mzuri, sakafu inateleza, viti vya plastiki, mashabiki wamekaa na kofia zao za kuendeshea. Baiskeli zimepangwa ukutani, kila moja na kibao chake. Katikati wameacha nafasi, ndoano ipo, na kibao tayari kimeandikwa! Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini lile jina nililijua. Jina la Tajiri, herufi kubwa, za dhahabu. Bibi yako akalitazama akasema, "Wametangulia kupika kabla ya kuwinda."

Na shahidi, alikuwa Kobe.

Humkumbuki Kobe, ulikuwa mdogo. Alikuwa mpiga tupa pale karakana, ndiye aliyechonga vile viungio vikawa na ncha za majani. Tukamwita Kobe kwa sababu alichukua siku nzima kwenye kiungio kimoja, na ukimharakisha anaingiza kichwa ndani ya kola. Siku hiyo nikamkuta kanenepa, masikio hayafanyi kazi vizuri. Mwenyekiti alikuwa amemkalisha mbele na soda mbili.

Kobe akatuona. "Aa! Msukuma mikokoteni! Bado unaishi?"

Nikamwambia, "Naishi kwa hasira, nakungoja wewe utangulie."

"Mimi siendi haraka popote, unanijua."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akapiga makofi kidogo, akasema, "Wazee wangu, tuanze. Mzee Kobe, wewe ulifanya kazi na marehemu. Fremu hii ni ya nani?"

Kobe akapapasa viungio kwa vidole, macho kafumba. "Tupa ni yangu."

"Tunajua. Aliyeunganisha ni nani? Ni baba, au si baba?"

Kobe akaingiza kichwa kwenye kola. Nikasema moyoni, kwisha. Zile soda mbili! Mama yako akamulika tochi ndani ya kikombe, akamwambia, "Mzee, angalia tu humu." Kobe akaangalia. Kichwa kikatoka kwenye kola polepole, akageuka kwa bibi yako, akafoka, tena kwa sauti ile ya kiziwi, ukumbi mzima unasikia.

"Cheche! Si nilikwambia uyafute haya matone? Nilikwambia! Ukanijibu nije nibebe mimba mimi, ndiyo nijue kuinama!"

Weee! Ukumbi ulilipuka. Bibi yako naye, "Na ningekujibu hivyo hivyo leo!"

Sasa ungedhani yameisha. Hayakuisha. Mwenyekiti akawa anazungusha pete kidoleni. Si mtu mbaya yule, nataka ulijue hilo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alikuwa na baba mmoja tu, na baba mwenyewe hakumwachia kitu ila sifa. Akasimama, akaja mpaka kwa bibi yako, akasema, "Mama, mimi nimekusikia. Tufanye hivi. Kibao kitabaki, lakini chini yake tutaongeza: pamoja na wasaidizi wake."

Mimi nilitaka kusema sawa. Nakwambia ukweli, njaa ilikuwa imenishika, na niliona jambo limepata mlango. Lakini nikamtazama bibi yako, nikafunga mdomo.

"Wasaidizi," akasema. "Msaidizi wa nani?"

"Wa karakana, mama."

"Mwanangu, nisikilize. Baba yako alinifundisha moto. Hilo nitalisema popote, mpaka kaburini kwake nitalisema. Lakini kufundisha si kutengeneza. Mwalimu wako akikufundisha kuandika, barua zako zote ni zake? Siku hiyo fremu hii inachomwa baba yako alikuwa kwenye kiti chake anazunguka. Mimi ndiye niliyesimama na tumbo na moto mkononi. Andika hivyo. Au usiandike kitu."

"Mama, ukumbi huu wametoa watu kwa heshima ya marehemu. Nikibadilisha..."

"Sijakuomba ubadilishe ukumbi. Nimekuomba kibao."

Akaangalia wanachama wake. Wengine walikuwa wanaangalia sakafu. Bibi mmoja mwenye kofia ya njano akasema, "Mpe haki yake, Mwenyekiti," lakini aliyekuwa karibu yake akamvuta mkono. Mwenyekiti akasema, "Mama, bila jina la baba, hiki ni chuma tu."

Bibi yako akatabasamu. Lile tabasamu ninalijua, ndilo alilofagilia viatu vya mteja.

"Vizuri. Basi nipe chuma changu."

Akanyoosha mikono. Mama yako akataka kumsaidia, akamsukuma kwa kiwiko. Akalichukua fremu, akaliweka begani kama mkulima anavyobeba jembe, akatoka katikati ya ukumbi, ndala zake zinapiga sakafu, pa, pa, pa. Sisi nyuma. Mlangoni nikasikia mtu anahema, nikageuka, ni Kobe, kaacha soda zake mezani, moja hata haijafunguliwa. Nikamwambia, "Wewe unakwenda wapi? Si mgeni wa heshima?" Akasema, "Nakwenda wanakopika."

Njiani watu wanauliza, bibi huyo kabeba nini? Yeye anajibu kila mmoja, hata wasiouliza: "Fremu. Nimeitengeneza mimi." Muuza vocha akaambiwa. Fundi viatu akaambiwa. Askari wa barabarani alisimamisha gari tupite, akaambiwa yeye na dereva wa gari. Nikamwambia, "Mke wangu, bega." Akaniambia, "Bega ni langu, mjukuu wangu."

Tumefika hapa chakula kipo tayari, shangazi yako alikuwa kabaki anapika, wali unatoa moshi, maharage, viazi. Kobe akavuta kiti. Bibi yako akasema, "Hakuna mtu atakaa."

"Cheche, tuhurumie."

"Hakuna atakaa mpaka nimalize."

Akamtuma mama yako kibandani kuleta jiriwa na zile herufi za kugongea chuma. Wakafunga fremu hapo kwenye ngazi ya mlango, tumbo la kikombe likaangalia juu. Mimi nilikuwa nimeishika kwa nyuma isitetemeke, Kobe kaishika mbele, shangazi yako kasimama na mwiko anauliza wali upoe mpaka lini. Bibi yako akavaa miwani yake ya kusomea, akaweka ile herufi ya kwanza, akapiga nyundo. Moja tu, kavu. Akahamia ya pili. Mikono ya kizee hiyo, inatetemeka mpaka nyundo inapoinuka, nyundo ikiinuka inatulia. Herufi ya nne ikakaa upande, imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mama yako akasema, "Mama, nitaisaga, uirudie. Dakika moja tu."

"Usiiguse."

"Imepinda."

"Nimesema usiiguse. Atakayeinunua kesho aipake kijani, aipake nyekundu, aipake hata samli. Siku akiikwangua atakuta CHECHE, na hiyo iliyopinda atajua ni mkono wa mtu, si mashine. Na yule kijana mwambie," akamgeukia mama yako, "mwambie siku akiwa tayari kuandika kibao, nyumba anaijua. Asipokuwa tayari, mimi sina haraka. Mimi na chuma."

Akapiga ya tano. Akapiga ya sita. Akapuliza vumbi, akapitisha kidole gumba juu yake, akarudia tena kupitisha.

Kobe akainama kusoma, maana masikio hayapo lakini macho anayo. Akasema, "Na tupa? Mbona mwenye tupa hakuandikwa?"

"Lete jina lako kesho," bibi yako akamwambia, "utagonga mwenyewe, tutakaa tukungoje mwaka mzima."

Basi tukacheka, mama yako akanishika mkono nisimame kwenye ile ngazi, shangazi yako akafunua sufuria tena, mvuke ukampiga Kobe usoni akafumba macho kama anaomba dua. Bibi yako akanawa mikono yenye vumbi la chuma, akajifuta, akavuta kiti cha kwanza kabisa, kile ambacho mimi hukaa, akakikalia. Akasema, "Haya, kaeni. Mnangoja nini?" Tukakaa.